Kutoka Mnyapara hadi Kapita: Lugha na Uongozi wa Kazi katika Migodi ya Ituri

Anayeketi na wazee wa Ngezi, mtaa mmojawapo wa mji wa Bunia, hakawii kuyasikia maneno kapita na posho. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno hayo ili kuonyesha kwamba katika migodi ya dhahabu ya Ituri, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuwaamuru wafanyakazi muda mrefu kabla ya kufikiriwa kuwa lugha ya kushauriana nao.

Kiswahili kiliingia Ituri katika nusu ya pili ya karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani. Msafara ulikuwa na utaratibu wake wa uongozi: mnyapara alisimamia kundi la wapagazi, na kila mpagazi alipewa posho, yaani chakula, au vitambaa na shanga za kununulia chakula. Stanley alipopita katika msitu wa Ituri kati ya 1887 na 1889, wapagazi wake wengi walikuwa wameandikwa Unguja.

Mwaka 1903 dhahabu iligunduliwa karibu na Kilo. Serikali ya kikoloni iliendesha migodi kwanza, na mwaka 1926 ikaundwa Société des Mines d'Or de Kilo-Moto. Watu wa lugha mbalimbali walipelekwa migodini kwa kupitia machifu wao, mara nyingi kwa nguvu. Hapo nafasi ya mnyapara ilishikwa na kapita, neno lenye asili ya Kireno. Kapita aliipokea amri ya Mzungu na kuifikisha kwa wachimbaji. Posho nayo ikawa mgao wa kambini, na kwa mgao huo kampuni iliingia hata katika chungu cha mfanyakazi. Inafaa kukumbuka kwamba neno hilohilo leo lina maana ya unga au ugali wa mahindi nchini Uganda, na malipo ya ziada nchini Tanzania.

Hali ya Katanga inafanana na hii. Huko Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na familia zao. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameonyesha jinsi Kiswahili cha huko kilivyofungamana na utawala wa kikoloni. Wazungu walihitaji hasa vitenzi vya kuamuru: leta, beba, chimba. Mikataba na hesabu ziliandikwa kwa Kifaransa. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilishuka kutoka ofisini hadi shimoni, lakini hakikupanda.

Baada ya uhuru wa 1960, migodi ya Kilo-Moto ilikabidhiwa shirika la serikali, OKIMO, mwaka 1966. Mwaka 2013 mgodi wa Kibali, katika eneo la Watsa, ulianza kutoa dhahabu chini ya kampuni za kimataifa zikishirikiana na Sokimo, mrithi wa OKIMO. Katiba ya mwaka 2006, kwa upande wake, inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa.

Basi swali linabaki. Mfanyakazi anayeielewa amri lakini asiweze kuusoma mkataba wake bado yu katika msafara, hata akivaa kofia ya chuma. Wataalamu wa Kiswahili wana kazi hapa: kuandaa istilahi za mkataba, za usalama na za malalamiko, ili lugha iliyozoea kushuka ijifunze kupanda.