Mshale Mmoja, Majibu Mawili: Historia ya Fanksheni na Uhusiano

Leo hatuleti historia ya vita wala ya wafalme. Tunaleta historia ya somo moja la hesabu ambalo limetuumiza kichwa wengi wetu, sisi tuliotoka Congo na Burundi tukaingia sekondari hapa Uganda: uhusiano na fanksheni. Nyumbani tulisema fonksyo, hapa tunasema fanksheni. Tulidhani kilichobadilika ni matamshi tu. Kumbe sivyo.

Tuanze na kisa. Dada mmoja wa kikundi chetu alifika kutoka Congo akiwa amesoma nusu ya sekondari. Akapewa jaribio la kumpangia darasa. Swali moja lilikuwa na mchoro: seti mbili, mishale katikati. Seti ya kwanza ilikuwa na 1, 2, 3 na 4. Namba 1 imetoa mshale kwenda a, 2 na 3 zote zimekwenda b, na 4 haikutoa mshale wowote. Swali: je, uhusiano huu ni fanksheni? Akaandika ndiyo, tena bila wasiwasi. Akawekewa msalaba mwekundu. Maswali mengine mawili yaliyotegemea hilo nayo yakaenda. Akashushwa madarasa mawili, na wanafunzi wenzake wakacheka eti huyu hajui hata fanksheni.

Jioni tukakaa pamoja na daftari lake la zamani la Kifaransa. Lilikuwa wazi kabisa: uhusiano ni fanksheni kama kila kitu cha seti ya kwanza kinatoa mshale mmoja, au hakitoi. Kisizidishe mmoja tu. Tukafungua kitabu cha Kiingereza: kila kitu cha seti ya kwanza lazima kitoe mshale mmoja, si zaidi wala si pungufu. Basi ile 4 isiyo na mshale, kule inakubalika, hapa inaharibu jibu. Dada yetu hakuwa mjinga. Alijibu sawa kwa kitabu kingine. Tukajiuliza: nani aliamua haya mambo, na lini?

Tulipotafuta, kitu cha kwanza kilichotushangaza ni kwamba fanksheni haikuanza na mishale wala seti. Neno lenyewe lilitumiwa na Mjerumani Leibniz kwenye maandishi yake ya mwaka 1673, akizungumzia mistari inayohusiana na mchoro uliopinda. Mwaka 1718 Johann Bernoulli wa Basel, Uswisi, akalipa maana nyingine: kiasi kinachotengenezwa kwa kuchanganya namba zinazobadilika na zisizobadilika. Mwanafunzi wake Euler ndiye aliyetuletea alama ya f na mabano, miaka ya 1730. Katika kitabu chake cha 1748, Euler alisema fanksheni ni fomula. Kama huna fomula, huna fanksheni. Wengi wetu bado tunafikiri hivyo: tukiona f tunatafuta x ya kuweka ndani.

Lakini dunia ikamkatalia. Wataalamu walikuwa wanabishana kuhusu uzi wa ala ya muziki unapovutwa na kuachwa. Uzi unaweza kuvutwa ukawa na kona, na umbo hilo halitoki kwenye fomula moja. Mwaka 1755 Euler mwenyewe akapanua maana: kiasi kimoja ni fanksheni ya kingine kama kinabadilika pale kile kingine kinapobadilika. Baadaye Mfaransa Fourier, yule aliyekwenda Misri na jeshi la Napoleon, akaandika kitabu mwaka 1822 juu ya namna joto linavyosafiri ndani ya vitu. Hesabu zake zikaleta michoro ya ajabu iliyokatika katikati. Watu wakauliza: hizi nazo ni fanksheni?

Mjerumani Dirichlet akasema ndiyo. Mwaka 1829 alitoa mfano wa kuchokoza: kama x inaandikika kama sehemu, mfano 1/2 au 7, ipe jibu moja, kama haiandikiki, mfano kipeuo cha pili cha 2, ipe jibu lingine. Jaribu kuchora, huwezi. Lakini kila x ina jibu lake moja. Mwaka 1837 akaeleza wazi kwamba muhimu ni kila x kuwa na y moja, si lazima ziunganishwe na kanuni moja.

Na uhusiano je? Hapa ndipo vitabu vyetu vinatudanganya kidogo. Shuleni tunafundishwa uhusiano kwanza, kisha fanksheni. Katika historia ilikuwa kinyume. Uhusiano ulianza kusomwa kama somo la peke yake baadaye sana: Augustus De Morgan, Mwingereza aliyezaliwa India, aliandika juu yake mwaka 1860. Kisha Georg Cantor akaleta nadharia ya seti. Mwaka 1914 Felix Hausdorff akaunganisha yote: fanksheni ni seti ya jozi, kile cha kwanza na jibu lake, na hakuna cha kwanza chenye majibu mawili. Kwa hiyo ule mlango tunaoingilia darasani ndio uliojengwa mwisho.

Sasa, yalifikaje kwetu? Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik angani. Marekani na Ulaya wakashtuka, wakasema hesabu za shule zimezeeka. Ikaanza "hesabu mpya": watoto waanze na seti na uhusiano. Ubelgiji, profesa Georges Papy wa Brussels alitoa kitabu mwaka 1963 chenye mishale ya rangi kila ukurasa. Ile mishale tuliyochora Bukavu na Bujumbura imetoka katika njia hiyo. Shule za Kibelgiji na za Kifaransa zikatenganisha majina mawili: fonksyo, ambapo kitu kinaweza kukosa mshale, na aplikasyo, ambapo kila kitu lazima kiwe na mshale mmoja. Nchi zetu zilikuwa zimetawaliwa na Ubelgiji, vitabu vikaja na mishale yake.

Upande wa Kiingereza habari ilipita hapa hapa Uganda. Mwaka 1962, walimu kutoka nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza walikutana Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na Wamarekani na Waingereza, wakaandika vitabu vya hesabu mpya. Vikaitwa kwa jina la mji huo. Hesabu mpya haikupendwa kila mahali. Kenya iliifuta shuleni mwaka 1981. Lakini seti na mishale zilibaki vitabuni. Kiingereza kikabaki na neno moja, fanksheni, kwa maana ile kali: kila kitu, mshale mmoja. Aplikasyo ya kwetu ndiyo fanksheni ya hapa.

Njooni tuone kwa kadi zetu za kambi. Weka watu wa block upande mmoja, namba za kadi za familia upande wa pili. Mama na watoto wake watano wanaelekea namba moja: hakuna shida, watu wengi jibu moja. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa na namba mbili. Mkijaribu mnajua kitakachotokea siku ya kuhakikiwa. Hiyo ni sheria ya fanksheni. Sasa, kuna yule aliyefika juzi, bado analala kwenye kituo cha kupokelea wageni, hajapata kadi. Kwa daftari la nyumbani, mchoro bado ni fanksheni. Kwa kitabu cha hapa si fanksheni mpaka naye apate namba, au mpaka umtoe kwenye seti.

Na hii si maneno tu. Chukua f(x) = 1/x. Ikiwa x ni 0, hakuna jibu. Ndiyo maana nyumbani swali la kwanza lilikuwa daima kutafuta domeni, yaani zile x zenye mshale. Hapa domeni mara nyingi unapewa, au unaulizwa ni x ipi inayofanya f isiwe na maana. Swali ni lile lile limevaa nguo nyingine. Anayejua moja anajua na la pili, akielezwa.

Dada yetu alibeba madaftari yote mawili akaenda kwa mwalimu. Alama haikubadilishwa, mtihani ni wa hapa na lugha ni ya hapa. Tunakubali. Lakini mwalimu alisoma, akanyamaza, akasema hakuwa anajua. Muhula uliofuata alimpa jaribio lingine, na dada akapanda darasa moja. Moja bado anadai.

Kwa mdogo wetu anayefika leo, tunasema hivi: ukikuta kitu kisicho na mshale, kwenye mtihani wa hapa andika si fanksheni, na uandike sababu. Usitupe daftari lako la zamani. Na ukimsikia mtu anacheka jibu la mgeni, mwambie kwanza aulize: kwenu mlifundishwaje?

Wenye vitabu vya Kifaransa au vya Kiingereza, pigeni picha ukurasa wa fanksheni mtuwekee hapa chini. Tunataka kutengeneza orodha ya maneno yanayofanana sauti na kutofautiana maana, kabla ya watoto wapya hawajafanya jaribio la muhula ujao.