Rafu Iliyolala: Karatasi za Emyr Humphreys

Nilipokuwa kidato cha tatu niliandika hadithi ndefu, ikajaza kaunta buku nzima. Nikaipeleka kwa mhariri mmoja. Baada ya miezi minne akanirudishia, na juu ya jalada kaandika neno moja tu: "Bado." Kwa hasira nikampa kaunta buku ile muuza karanga wa kituo cha basi. Wiki iliyofuata nikanunua karanga kwake, nikafungua karatasi, nikakuta sentensi yangu mwenyewe inanitazama.

Kilichoniuma, ndugu msomaji, ni kwamba ile sentensi haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, ila ilikaa kwenye hadithi mbovu. Nikamaliza karanga, nikatupa karatasi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hivi waandishi waliofika hufanya nini na rafu zao?

Swali hilo limenifikisha, kwa njia ya vitabu si ya ndege, katika mji mdogo wa pwani uitwao Aberystwyth, magharibi mwa Wales. Juu ya mji, kwenye kilima kinachotazama bahari, lipo jengo kubwa la Maktaba ya Taifa ya Wales. Ilipewa hati ya kuanzishwa mwaka 1907, na mwaka 1911 sheria ikaipa haki ya kudai nakala za vitabu vinavyochapishwa Uingereza. Lakini vitabu vilivyochapishwa ni nusu tu ya mali yake. Nusu nyingine ni karatasi: barua, daftari, rafu zilizokatwa-katwa kwa kalamu, kurasa za taipureta zilizobandikwa vipande pembeni. Humo ndimo zilimolazwa karatasi za mwandishi wa riwaya aitwaye Emyr Humphreys, aliyezaliwa 1919 na kufariki 2020, akiwa na umri wa miaka 101.

Utauliza, mwandishi wa Wales anatuhusu nini sisi? Hebu subiri kidogo.

Wales ni nchi iliyomezwa na jirani yake, Uingereza ya Waingereza wenyewe, karne nyingi kabla sisi hatujasikia habari za gavana. Ina lugha yake, Kiwelisi, ambayo haifanani na Kiingereza hata kidogo. Katika karne ya 19 kulikuwa na shule kule ambamo mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivikwa kipande cha mti shingoni. Akimsikia mwenzake akikosea, anamvika yeye. Siku ikiisha, aliyenacho anachapwa. Najua baadhi yenu mmeshatabasamu, maana kibao hicho mmekivaa. Hapa kwetu kimevalishwa watoto waliosema lugha ya nyumbani, na kwingine hata waliosema Kiswahili. Kumbe tulidhani ni chetu peke yetu!

Matokeo yake yanahesabika. Sensa ya 1911 ilikuta karibu asilimia 44 ya watu wa Wales wanasema Kiwelisi. Ile ya 1961 ikakuta asilimia 26. Ya 2021 ikakuta asilimia 17.8. Kijana Emyr alikuwa mmoja wa waliopotea katika hesabu hiyo. Mtoto wa mwalimu, kutoka kaskazini-mashariki karibu na mpaka, alikulia kwa Kiingereza.

Kilichomwamsha ni moto. Serikali ya London ilikuwa inajenga shule ya kufundishia marubani kurusha mabomu, mahali paitwapo Penyberth, katika rasi ya Llŷn. Wawelisi wakapinga, hawakusikilizwa. Usiku wa tarehe 8 Septemba 1936 watu watatu wakachoma moto vifaa na vibanda vya ujenzi: Saunders Lewis, mwandishi na mhadhiri; Lewis Valentine, mchungaji; na D. J. Williams, mwalimu na mwandishi wa hadithi fupi. Kisha wakaenda wenyewe kituo cha polisi wakasema, ni sisi. Baraza la mahakama kule Caernarfon likashindwa kukubaliana. Kesi ikahamishiwa London, wakafungwa miezi tisa. Emyr alikuwa na miaka 17. Akaanza kujifunza Kiwelisi, lugha ya nchi yake, kama mgeni anavyojifunza. Mwaka 1937 akaingia chuo kikuu palepale Aberystwyth kusoma historia.

Vita vilipokuja alikataa kubeba bunduki. Akapelekwa kufanya kazi za shamba, baadaye akahudumia wakimbizi Misri na Italia. Riwaya yake ya kwanza, The Little Kingdom, ilitoka 1946, katika kampuni ambamo Graham Greene, yule mwandishi maarufu, alikuwa mmoja wa wakurugenzi. Ni habari ya wazalendo wanaopinga ujenzi wa uwanja wa ndege za kivita. Moto wa Penyberth ulikuwa bado unawaka ndani ya kichwa chake.

Sasa tufike kwenye rafu. Kabla ya riwaya hiyo kutoka, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940, kijana huyu alikuwa ameanza kazi nyingine: habari za wavulana watatu wanaokua katika kona moja ya Wales. Albie ni mtoto wa dereva wa basi mjini. Iorwerth ni mtoto wa mkulima, nyumba ya Kiwelisi na kanisa. Michael ni mtoto wa kasisi, mwenye nafasi kidogo. Kila mmoja anasema kwa zamu yake. Mswada ule haukufanikiwa. Ukawekwa kando. Akaandika riwaya nyingine, akachapisha, moja ikapata tuzo ya Somerset Maugham, na wale wavulana watatu wakaendelea kulala.

Wakalala zaidi ya miaka 10.

Mwaka 1955 Humphreys akaajiriwa na BBC kule Cardiff kuwa mtayarishaji wa michezo ya redio. Redio ni tumbo lisiloshiba, waulize waliowahi kuiandikia. Tena Kiwelisi kilihitaji michezo yake. Ndipo akaukumbuka mswada wa zamani. Akaufufua, lakini safari hii kwa Kiwelisi, kwanza kwa ajili ya sauti za redio, kisha kama riwaya. Akaiita Y Tri Llais, yaani Sauti Tatu. Halafu akairudisha tena katika Kiingereza, ikawa A Toy Epic. Zote mbili zikatoka mwaka uleule, 1958, na ile ya Kiingereza ikapata tuzo ya Hawthornden.

Tazama njia hiyo tena taratibu. Kazi inaanza kwa Kiingereza, inakwama. Inavuka kwenda katika lugha ambayo mwandishi aliitafuta ukubwani, inapata pumzi. Inarudi Kiingereza ikiwa mzima. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba lugha ya nyumbani ni ya mazoezi na Kiingereza ndicho cha kazi. Hapa mambo yalikwenda kinyume.

Na ukisoma kitabu kilichochapishwa peke yake, hutajua. Jalada la A Toy Epic halikuambii kwamba lilipitia Kiwelisi. Kitabu kilichokamilika kinafanana na bwana harusi: suti imenyooka, hakuna anayejua kwamba kaikopa. Karatasi ndizo zinazosema ukweli. Wanafunzi wa fasihi wameweza kuifuata safari ya wavulana wale watatu kwa sababu mwandishi hakuchoma alichoshindwa kukimaliza.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Kati ya 1971 na 1991 Humphreys alichapisha riwaya 7 zinazofuatana, kwa jina la jumla The Land of the Living. Zinamfuata mwanamke aitwaye Amy Parry tangu utoto wake wa kimaskini, na pamoja naye karne nzima ya Wales. Lakini hakuanzia mwanzo! Iliyotoka kwanza, National Winner, katika mfuatano wa habari ni ya 6. Alianza karibu na mwisho, kisha akarudi nyuma kumtafuta Amy mtoto. Ikamchukua miaka 20 kufika mwisho wenyewe, na katika riwaya ile ya mwisho mtoto wa kiume anachimbua ukweli wa kifo cha baba yake. Jamani, sisi tunakata tamaa kwa "Bado" moja ya mhariri.

Tena katikati ya kazi hiyo alikwenda jela. Mwaka 1973 alifungwa kwa kukataa kulipa ada ya televisheni, akiwa miongoni mwa waliodai matangazo ya Kiwelisi. Mtu aliyewahi kulipwa mshahara na BBC! Wengine wengi walifungwa katika harakati hizo. Tarehe 1 Novemba 1982 kituo cha televisheni cha Kiwelisi, S4C, kikaanza kurusha matangazo. Kwa hiyo ukiona katika orodha ya karatasi zake maandishi ya redio na televisheni yamekaa jirani na rafu za riwaya, usidhani ni vibarua vya kutafutia unga. Ni vita ileile, silaha tofauti.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo panaponikera.

Shaaban Robert alifariki 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Hesabu mwenyewe: miaka 6 maandishi yale yaliishi bila mwenyewe, yakitegemea tu kwamba kuna mtu hakuyaona kuwa takataka. Lingekosekana jicho hilo moja, leo tusingemjua Utubora. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi kwa mkono wake mzuri maisha yake yote. Sehemu kubwa ya miswada hiyo iko London, katika maktaba ya SOAS. Imetunzwa vizuri, siwezi kusema vinginevyo, lakini mtoto wa Lamu akitaka kugusa karatasi ya babu yake anahitaji pasipoti. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hazina ya miswada ya Kiswahili ambayo orodha yake, kazi ya J. W. T. Allen, ilichapishwa 1970. Nyingi ni tenzi za wazee. Je, rafu za waandishi wa riwaya wa leo? Za wewe na mimi? Ziko chini ya kitanda, ziko kwa shangazi, zimeliwa na mchwa. Na siku hizi tunaandika kwenye simu. Unabonyeza, aya inafutika, haipiti hata kwa muuza karanga.

Wawelisi si matajiri kuliko dunia nzima. Kile chuo cha Aberystwyth kilipofunguliwa mwaka 1872, ndani ya hoteli ambayo ilikuwa haijamalizika kujengwa, kiliendeshwa kwa michango, na michango hiyo ilitoka pia kwa watu wa kawaida, senti kwa senti, makanisani. Watu waliovikwa kibao shingoni waliamua kwamba maneno yao yanastahili paa. Paa likipatikana, hata rafu iliyoshindikana inapata mahali pa kusubiri.

Mimi paa la taifa sina. Nina sanduku la bati nililonunua sokoni, la kufungia nguo za bweni. Ndani nimeweka rafu zangu zote tangu mwaka juzi, kila moja ina tarehe na jina, hata zile za aibu. Hasa zile za aibu. Ile sentensi ya kwenye karanga nimejaribu mara nyingi kuikumbuka, naambulia maneno matatu ya mwanzo. Yaliyobaki yalikwenda na chumvi.

Kama unayo kaunta buku ambayo mtu kakuandikia "Bado," usimpe mtu. Soma tena hilo neno. Halikusema "Hapana."