Sotoka, Chanjo na Mnyororo wa Amri: Huduma za Veterinari katika Eneo la Simiyu kwa Kigezo cha Viwango vya Kimataifa, 1890–2025

1.0 Utangulizi

Mnamo Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani Simiyu, katika wilaya ya Bariadi, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Kampeni hiyo ya miaka 5 inalenga magonjwa matatu: homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na kideri cha kuku. Serikali iliahidi kuchangia nusu ya gharama ya chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kutoa bure chanjo ya kuku wa asili. Mbali na kupunguza vifo vya mifugo, kampeni ilielezwa kuwa njia ya kukidhi masharti ya masoko ya nje.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya Mkoa wa Shinyanga pamoja na Busega, iliyokuwa Mkoa wa Mwanza. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, mkoa una watu 2,140,497, wengi wao wakiwa Wasukuma wanaochanganya kilimo na ufugaji. Kwa upande wa mashariki mkoa umepakana na Pori la Akiba la Maswa na mfumo wa ikolojia wa Serengeti. Kwa hiyo eneo hili limekuwa mahali ambapo mifugo, wanyamapori na sera za serikali hukutana kwa zaidi ya karne moja.

Insha hii inachunguza historia ya huduma za veterinari katika eneo hilo kwa kuipima kwa kigezo cha Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Hoja kuu ni kwamba uimara wa huduma hizi umetegemea mambo mawili kwa pamoja: mnyororo wa amri usiokatika kutoka makao makuu hadi kijijini, na sababu ya kutosha inayomfanya mfugaji alete mifugo yake kwa hiari. Kila jambo lilipokosa mwenzake, huduma ilidhoofika. Aidha, insha inadai kwamba ushindi dhidi ya sotoka ya ng'ombe, ambao mara nyingi hutajwa kama mfano wa kuigwa, hauwezi kurudiwa kwa mbinu zilezile dhidi ya magonjwa ya sasa.

2.0 Chimbuko la viwango vya kimataifa

Mwaka 1920 sotoka ilizuka nchini Ubelgiji baada ya ng'ombe kutoka India, waliokuwa wakipelekwa Brazil, kupitia bandari ya Antwerp. Mshtuko huo ulizifanya nchi 28 kutia saini mjini Paris, mwaka 1924, mkataba ulioanzisha shirika la kimataifa la kupashana habari za magonjwa ya mifugo. Mwaka 1995, Shirika la Biashara Duniani lilipoanza kazi, mkataba wake wa afya ya wanyama na mimea uliyatambua maelekezo ya shirika la Paris kuwa kipimo cha kusuluhisha migogoro ya biashara.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa. Nchi muuzaji haikutakiwa tena kusema tu kwamba haina ugonjwa; ilitakiwa kuonyesha kwamba taarifa zake zinaaminika. Ndiyo sababu tangu mwaka 2006 shirika hilo limekuwa likitumia chombo cha kutathmini utendaji wa huduma za veterinari, kijulikanacho kwa kifupi kama PVS. Chombo hicho kina nguzo nne: rasilimali watu, vifaa na fedha, mamlaka na uwezo wa kitaalamu, uhusiano na wadau, na ufikiaji wa masoko. Kila uwezo hupimwa kwa ngazi 1 hadi 5. Tathmini hufanyika kwa ombi la nchi yenyewe.

3.0 Amri bila ridhaa, 1890–1961

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuikumba Tanganyika mwanzoni mwa muongo uliofuata, ikiua sehemu kubwa ya ng'ombe na wanyamapori wenye kwato. John Ford na Helge Kjekshus, kila mmoja kwa njia yake, wameeleza jinsi upungufu huo wa mifugo na watu ulivyoacha malisho yageuke vichaka, na vichaka vikawa makazi ya mbung'o. Kwa mtazamo wao, maradhi ya mifugo hayakuwa tatizo la wanyama pekee. Yalivunja uwezo wa jamii kuyamudu mazingira yake.

Utawala wa Wajerumani ulianzisha maabara ya veterinari Mpwapwa mwaka 1905, na Waingereza wakaiendeleza. Katika Usukuma, C. F. M. Swynnerton aliendesha shughuli za kupambana na mbung'o Shinyanga katika miaka ya 1920, akitumia nguvukazi ya wenyeji kufyeka vichaka. Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, eneo la Simiyu ya leo lilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili ulikuja Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947. Mpango huo ulichimba malambo na kufungua maeneo mapya ya makazi, lakini pia uliambatana na kodi ya mifugo, shinikizo la kupunguza idadi ya ng'ombe, na sheria ndogo zilizogusa karibu kila kazi ya mkulima. G. Andrew Maguire ameonyesha namna sheria hizo zilivyochochea siasa za kudai uhuru Usukumani. Serikali ilikizuia chama cha TANU kuendesha shughuli zake katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 maandamano ya Geita yakaonyesha ukomo wa utawala wa kushurutisha.

Kwa kigezo cha leo, huduma ya wakati huo ingepata alama nzuri katika mnyororo wa amri: agizo lilitoka kwa mkurugenzi, likapita kwa ofisa wa jimbo na wilaya, likamfikia mtemi na mfugaji. Katika uhusiano na wadau, hata hivyo, ingeshindwa. Mfugaji alijifunza kwamba kuhesabiwa kwa ng'ombe wake hutangulia kutozwa au kupunguziwa.

4.0 Kutokomezwa kwa sotoka ya ng'ombe

Mafanikio makubwa yalitokana na chanjo. Katika maabara ya Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka kwa kutumia seli zilizooteshwa maabara. Ilikuwa salama, nafuu, na dozi moja ilimkinga ng'ombe maisha yake yote.

Athari zake zilionekana jirani kabisa na Bariadi. Uchanjaji wa ng'ombe pembezoni mwa Serengeti uliwaondolea nyumbu maambukizi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na idadi yao ikapanda kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna aliyewachanja nyumbu. Walipona kwa sababu wafugaji walileta ng'ombe. Jambo hili lilithibitisha kwamba chanzo cha kudumu cha virusi kilikuwa ng'ombe, si wanyamapori.

Mpango wa pamoja wa bara la Afrika uliofanyika kati ya 1962 na 1976 uliushusha ugonjwa sana, lakini ufuatiliaji ulilegea na sotoka ikarudi. Mwaka 1982 ilionekana tena kaskazini mwa Tanzania, ikiwemo kwa nyati wa Serengeti. Mpango wa pili ulioanza mwaka 1986 uliongeza kile kilichokosekana, yaani upelelezi wa ugonjwa baada ya chanjo. Mlipuko mwingine wa kaskazini mwa nchi mwaka 1997 ulidhibitiwa, na mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru dhidi ya sotoka ya ng'ombe.

Hapa mambo mawili ya hoja yetu yalikutana. Mnyororo wa amri ulikuwepo, na mfugaji aliona faida kwa macho yake: sindano moja, ng'ombe hafi.

5.0 Kukatika kwa mnyororo, 1972–2012

Wakati vita dhidi ya sotoka vikiendelea, muundo wa utawala ulibadilika. Sera ya madaraka mikoani ya mwaka 1972 ilihamishia watumishi wa sekta mikoani. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zilirejesha halmashauri, na mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yakawaweka maofisa mifugo chini ya wakurugenzi wa halmashauri. Wakati huohuo, urekebishaji wa uchumi uliondoa ruzuku: dawa zikawa za kununua, na majosho yakaachwa mikononi mwa jamii.

Mageuzi hayo yalikuwa na mantiki yake. Halmashauri ilikuwa karibu zaidi na wananchi, na uzoefu wa Usukuma ulikuwa umeonyesha hatari ya amri za mbali. Lakini ugonjwa wa kuambukiza haujui mpaka wa halmashauri. Daktari wa mifugo wa wilaya sasa aliwajibika kwa mkurugenzi wa halmashauri na mamlaka za TAMISEMI, huku Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari akibaki na dhamana mbele ya dunia bila kuwa na amri juu ya watumishi wa ngazi hiyo wala bajeti yao.

Bunge lilitunga Sheria ya Veterinari Na. 16 na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17, zote za mwaka 2003, kisha Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010. Mwaka 2012 Wakala ya Maabara ya Veterinari ilianza kazi. Kwa upande wa sheria na wataalamu, ambao wamekuwa wakifundishwa Morogoro tangu mwaka 1976, nchi ilikuwa imepiga hatua. Pengo lililobaki lilikuwa kati ya wizara na kata.

6.0 Kigezo na mipaka yake

Chombo cha PVS kina sifa ya kulitaja pengo hilo waziwazi, kwani hupima uratibu wa ndani na mnyororo wa amri kama uwezo unaojitegemea. Hata hivyo, huuweka katika nguzo moja, na uhusiano na wadau katika nguzo nyingine. Historia ya Simiyu inaonyesha kwamba vitu hivyo haviwezi kutenganishwa. Zoezi la hereni za kielektroniki lililotangulia kampeni ya 2025 ni ushahidi wa karibu: lilikuwa na sheria na teknolojia, lakini lililalamikiwa na wafugaji, hasa kwa sababu ya gharama, hata likasitishwa. Mwangwi wa kodi ya mifugo ya miaka ya 1950 si mgumu kuusikia.

Tofauti ya pili inahusu chanjo zenyewe. Chanjo ya homa ya mapafu hukinga kwa takriban mwaka 1. Ya sotoka ya mbuzi na kondoo kwa miaka 3 au zaidi. Ile ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Chanjo ya kideri, homa ya mapafu na hata sotoka ya mbuzi na kondoo, ambako kila mwaka huzaliwa wanyama wapya wengi, zinadai huduma ya kudumu. Sotoka ya ng'ombe ingeweza kushindwa kwa misafara ya uchanjaji iliyokuja na kuondoka. Kideri hakiwezi. Kinahitaji ofisa wa kata mwenye usafiri, jokofu na kumbukumbu, kwa kila msimu.

7.0 Hitimisho

Uzinduzi wa Bariadi umeleta pamoja chanjo na utambuzi, yaani kinga ya mnyama na uthibitisho wa kinga hiyo mbele ya mnunuzi wa nje. Mpango huo unafuata mantiki ya viwango vya kimataifa. Uimara wake, hata hivyo, hautapimwa kwa idadi ya mifugo iliyochanjwa katika mwaka wa kwanza, bali kwa mambo matatu: kama ofisa wa kata atawajibika kitaalamu kwa Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari huku akilipwa na halmashauri, kama ruzuku itaendelea baada ya miaka 5, na kama hereni itamletea mfugaji wa Itilima au Meatu bei bora mnadani. Likikosekana la kwanza, ngazi ya tathmini itabaki chini. Yakikosekana mawili yaliyobaki, mfugaji hataleta ng'ombe, na historia ya eneo hili imekwisha kuonyesha kwamba hakuna amri inayoweza kumleta kwa muda mrefu.