Kapenguria 1952: Njia ya Kumfikia Wakili

Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa mshtakiwa haki ya kujitetea mwenyewe mahakamani au, kwa gharama zake, kutetewa na wakili aliyemchagua. Ni maneno machache, ndugu msomaji, na wengi huyasoma wakapita. Ili tuyaelewe yanavyostahili, hatuna budi kuuzunguka Mlima Elgon twende kwa jirani zetu wa Kenya, hadi Kapenguria. Huko hakuna aliyewanyima washtakiwa wakili. Kilichofanyika ni kwamba njia ya kumfikia ilijazwa miiba.

Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku wa kuamkia tarehe 21 Jomo Kenyatta akakamatwa. Mwezi uliofuata alishtakiwa pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba kwa kosa la kuongoza chama haramu cha Mau Mau. Nairobi ilikuwa na mahakama, mawakili, maktaba za sheria na waandishi wa habari. Serikali ikaipa kisogo Nairobi. Kesi ilipelekwa Kapenguria, kituo kidogo cha utawala kilichomo katika wilaya iliyofungwa, ambamo mtu wa nje hakuingia pasipo kibali. Ili mahakama ya huko iwe na mamlaka juu yao, watu hao waliachiliwa huko huko na papo hapo wakakamatwa upya. Darasa la shule ndilo lililogeuzwa mahakama. Ransley Thacker, jaji mstaafu, aliketi peke yake kama hakimu, na wanahistoria wameandika kwamba alilipwa pauni 20,000 kwa kazi hiyo.

Sasa jiweke mahali pa jamaa wa washtakiwa: wakili atatoka wapi? Waafrika waliosomea sheria nchini Kenya wakati huo walihesabika kwa vidole. Mawakili wenye asili ya Bara Hindi waliokuwa Nairobi, A. R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza, walijitosa. Kutoka Moshi, Tanganyika, alikuja Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa na ofisi yake huko. H. O. Davies alitoka Nijeria. Chaman Lall, mbunge wa India, alikuja kwa baraka za Waziri Mkuu Nehru. Aliyewaongoza wote alikuwa D. N. Pritt wa London, Wakili wa Malkia na mbunge wa zamani, mtu ambaye siasa zake za mrengo wa kushoto ziliwachukiza walowezi hata kabla hajafungua kinywa.

Orodha hiyo inapendeza kuisoma, lakini tusiyasahau mateso yaliyomo ndani yake. Kapenguria haikuwa na mahali pa kulala wageni, kwa hiyo mawakili walikaa Kitale na kusafiri kila siku kwa barabara ya vumbi kwenda mahakamani na kurudi. Kitale nako ubaguzi wa rangi uliwatenganisha: Mzungu aliruhusiwa hotelini, Mhindi na Mwafrika hawakuruhusiwa. Watu wanaotetea kesi moja hawakuwa na meza moja ya hadhara ya kulia chakula na kupanga hoja zao. Maktaba ya sheria haikuwako. Mimi naona huu ndio ustadi wa utawala ule: haki haikufutwa, ilichoshwa.

Hata hivyo walifanya kazi. Lugha yenyewe ilikuwa uwanja wa vita, na sisi tunaofundisha lugha hatuwezi kulipita jambo hili. Mkalimani wa kwanza wa mahakama alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekijua sana Kikuyu, lakini ambaye pia alikuwa ameandika kuipinga Mau Mau. Mawakili wa utetezi walilalamikia tafsiri yake, naye akajiondoa. Fikiri, msomaji: mshtakiwa asiye na wakili angejuaje kwamba neno lake limepindishwa lilipokuwa likivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine?

Pritt alipotuma simu ya maandishi kwa wabunge huko London akieleza kwamba mazingira ya kesi ni sawa na kunyimwa haki, yeye mwenyewe alishtakiwa kwa kuidharau mahakama. Kesi ya Kapenguria ikasimama, wakili akageuka mshtakiwa. Mahakama Kuu ya Nairobi ilimwachilia.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953: kifungo cha miaka saba na kazi ngumu kwa wote sita. Thacker alimwamini Rawson Macharia, shahidi aliyedai kumwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950, na hakuwaamini mashahidi wa utetezi waliompinga. Rufaa zilifuata. Oneko alishinda rufaa yake mwanzoni mwa mwaka 1954, lakini hakwenda nyumbani. Alizuiliwa kwa kanuni za hali ya hatari, ambazo hazikuhitaji hukumu ya mahakama.

Je, mawakili wale walifanya kazi bure? Kabla ya kujibu, tutazame upande wa pili. Watu sita wa Kapenguria hawakukabiliwa na kitanzi. Waliokabiliwa nacho ni watu wasiojulikana, waliofikishwa mbele ya mahakama maalumu zilizoundwa mwaka 1953, na Waafrika 1,090 walinyongwa katika miaka ile. Wao pia walikuwa na mawakili, wengi wao wa kupangiwa na kulipwa na serikali. Lakini katika kesi kama zile za mauaji ya Lari, makumi ya washtakiwa walikaa pamoja wakiwa na namba vifuani. Wakili wa namna hiyo atamjua nani kwa jina? Kapenguria ilichukua miezi mitano. Dedan Kimathi, aliyefikishwa mahakamani Nyeri mwezi Novemba 1956 akiwa na jeraha la risasi, alihukumiwa kifo kabla ya majuma mawili kwisha. Akanyongwa Februari 1957.

Tofauti ya miezi na siku ndiyo jibu langu. Miezi ile mitano iliwezesha maneno ya Macharia kuhojiwa, kupingwa na kuandikwa. Mwaka 1958 Macharia alikula kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa malipo, pamoja na masomo Uingereza. Serikali ilimfunga, si kwa ushahidi wa Kapenguria, bali kwa kiapo hicho cha pili.

Turudi kwetu. Ibara ile ile ya 28 inasema kwamba mwenye kushtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha atatafutiwa wakili kwa gharama ya dola. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50, imekwenda mbele kidogo: dola itatoa wakili pale ambapo bila yeye dhuluma kubwa ingetokea. Kwetu sisi, aliyeshtakiwa kwa wizi wa mbuzi au kwa kumpiga jirani yuko nje ya ahadi hiyo. Anaweza kubisha hodi kwenye kliniki ya msaada wa sheria ya chuo cha LDC, Kampala, iwapo anajua kwamba ipo. Na ikiwa yuko Amudat, si mbali na mpaka unaotutenganisha na watu wa Kapenguria, ahesabu kwanza nauli.