Ugumu kama Hoja: Kutokufa na Raha ya Msomaji katika Permutation City

Katika insha aliyoiingiza kwenye kitabu chake Problems of the Self cha mwaka 1973, mwanafalsafa Bernard Williams alidai kwamba maisha yasiyo na mwisho hayavumiliki. Ushahidi wake aliuchota kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1922, ambayo baadaye Leoš Janáček aliigeuza opera. Elina Makropulos amekunywa dawa iliyotengenezwa na baba yake. Sasa ana miaka 342, na kwa miaka 300 amebaki na umri wa miaka 42. Hakuna tena kinachomgusa moyo. Anaikataa dawa na kufa. Williams haoni hapo mkosi wa mwanamke mmoja. Anaona sheria: mtu mwenye tabia maalumu hatimaye huyamaliza yote yanayoweza kumpata mtu wa tabia hiyo. Akibaki yule yule, atachoka. Akigeuka kabisa, anayeendelea kuishi si yeye.

Kwamba fasihi imekuwa ikiwasikitikia wasiokufa, hilo halina ubishi, kuanzia wazee wa Jonathan Swift mwaka 1726 hadi Fosca wa Simone de Beauvoir mwaka 1946. Ubishi uko kwenye hoja. John Martin Fischer alimjibu Williams mwaka 1994 kwamba zipo raha zinazokwisha mtu akishazipata, na zipo zinazorudi kila zinapopewa muda wa kupumzika: chakula, muziki, mapenzi, sala. Jibu hilo ni zuri, lakini limebaki katika uwanja ule ule aliouchora Williams. Wote wawili wanaichukulia fasihi kama ghala la mifano. Unaingia, unamchukua Elina, unatoka. Namna kazi ilivyotungwa haina uzito.

Dhana hiyo hiyo imejificha katika dai la pili, linalosikika zaidi miongoni mwa wahakiki: kwamba katika bunilizi za kisayansi zilizo ngumu, sayansi ni ushuru ambao msomaji analipa mlangoni ili aruhusiwe kuonja kisa. Wapenzi wa riwaya ya Kiswahili wanalifahamu dai hili kwa sura nyingine. Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wapo waliolalamika kwamba amewatupa wasomaji wake, kana kwamba angeweza kuyasema yale yale kwa njia nyepesi na akakataa kwa makusudi. Makala hii inapinga madai yote mawili kwa pamoja. Ninadai kwamba katika riwaya nzuri kuhusu kutokufa, jasho la msomaji ni sehemu ya hoja yenyewe, na kwamba raha yake hutoka humo humo.

Riwaya ninayoitegemea ni Permutation City ya Greg Egan, mwandishi kutoka Perth, Australia. Ilitoka mwaka 1994, mwaka ule ule wa jibu la Fischer, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya John W. Campbell Memorial. Kisa kinaanza katikati ya karne hii ya 21. Mtu anaweza kupigwa skani mwili na ubongo, na kutokana na data hiyo ikatengenezwa Nakala yake inayoishi ndani ya kompyuta. Nakala za matajiri wakubwa huenda polepole mara 17 kuliko wenye miili. Za wasio na fedha huenda polepole zaidi, kwa sababu muda wa kompyuta unauzwa sokoni. Paul Durham anawauzia matajiri wachache ahadi ya ajabu: ulimwengu wa kompyuta usiohitaji kompyuta, ambao hakuna atakayeweza kuuzima. Ili kuuwekea mbegu ya uhai anamwajiri Maria Deluca, mtaalamu wa programu wa Sydney.

Ahadi hiyo inasimama juu ya jaribio moja, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Ni Juni 2045. Durham aliye Nakala anahesabu kutoka moja hadi kumi. Nje, mashine inakokotoa hali za ubongo wake, hatua kwa hatua. Mara ya kwanza zinafuatana kama kawaida. Kisha mashine inaruka, inakokotoa hali chache zilizoachana mbali. Kisha mpangilio unavurugwa, hata hali ya kutamka saba inaweza kukokotolewa kabla ya ile ya kutamka mbili. Kazi inatawanywa pia kwenye mashine zilizo mbalimbali. Ndani ya kompyuta hakuna kinachobadilika: Durham anahesabu moja, mbili, tatu, na kila tarakimu anaihisi ikiifuata iliyotangulia. Anahitimisha kwamba nafsi haifungwi na utaratibu wa vitu vinavyoibeba. Vipande vyake vinaweza kutapanywa katika mahali na wakati kama vumbi, na bado vikajikusanya, kwa sababu vinachukuana vyenyewe kwa maana. Ikiwa nadharia hii ya vumbi ni kweli, kuizima mashine si kumuua aliyemo.

Mtu anaweza kuyaeleza hayo kwa aya moja, kama nilivyofanya, na msomaji akatikisa kichwa akapita. Egan hataki tupite. Sehemu ya kwanza ya riwaya inarukaruka kati ya Juni 2045 na Novemba 2050. Tunakutana na Maria kabla hatujajua mwajiri wake alipitia nini miaka mitano nyuma, ingawa kwa kalenda yamekwisha kutokea. Vichwa vya sura vimeundwa kwa kupangua herufi za jina la riwaya na kuzipanga upya. Msomaji anafungua sura, anatazama tarehe, anarudi nyuma kidogo, anashika uzi uliokatika kurasa 20 zilizopita, anaunganisha. Muda wote huo kila mhusika yuko mzima akilini mwake. Hamwoni Durham akikatika vipande kwa kuwa kaletwa kwa vipande. Yaani kazi ambayo nadharia ya vumbi inasema hufanyika yenyewe, msomaji ameshaifanya kwa kichwa chake kabla hajaombwa kuiamini. Alidhani anahangaika na mpangilio wa sura. Kumbe alikuwa ndani ya jaribio.

Hiyo ndiyo raha ninayoizungumzia. Viktor Shklovsky alisema mwaka 1917 kwamba sanaa hurefusha na kugumisha utambuzi ili kitu kihisiwe upya. Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliifanya hali ya kuuona ulimwengu kama mgeni, kwa njia ya akili, kuwa kitambulisho cha bunilizi za kisayansi. Nawafuata hadi hapo, lakini naongeza kwamba ugumu wa Egan hufanya zaidi ya kutushtua. Hutupa mikono. Tunapolazimika kuelewa kwamba wanahisabati huita Bustani ya Edeni hali ya otomata, yaani mfumo unaobadilika hatua kwa hatua kwa kanuni maalumu, isiyoweza kuzaliwa na hali yoyote iliyotangulia, tunatambua ghafla kwa nini Durham anaitaka: ulimwengu unaoanza na hali hiyo hauwezi kuwa mwendelezo wa kitu kingine, hivyo wakazi wake hawatakuwa na shaka kuhusu asili yao. Hakuna aliyetuambia tufurahi. Tunafurahi kwa sababu mlango umefunguka, na sisi ndio tuliousukuma.

Sasa turudi kwa Williams. Peer, Nakala isiyo na fedha iliyojipenyeza katika ulimwengu wa Durham, amejiwekea programu inayombadilishia mapenzi yake bila mpangilio. Tunamkuta katika karakana akichonga miguu ya meza, maelfu kwa maelfu, kwa furaha isiyo na kasoro. Kabla ya hapo alipenda kingine kwa moyo ule ule; baadaye atapenda kingine tena. Je, huyu amechoka? La. Je, ni yeye yule? Williams angejibu haraka kwamba si yeye. Msomaji hawezi kujibu haraka hivyo, kwa sababu amekwisha kuzoeshwa, kwa kurasa nyingi, kutambua nafsi moja katika vipande visivyofanana. Mimi ninapomsoma Peer napata furaha na hofu kwa wakati mmoja, na sioni aibu kusema kwamba hakuna insha ya falsafa iliyowahi kunifikisha hapo. Thomas Riemann, mwenye benki tajiri aliyemuua mpenzi wake ujanani, anateseka upande mwingine kabisa: umilele wake unageuka kurudia kosa lile lile bila kusamehewa. Tatizo lake si uchovu. Orodha ya Williams yenye njia mbili tu, kuchoka au kupotea, haimtoshi Peer wala Thomas.

Kuna pingamizi ninalolichukulia kwa uzito. Mtu atasema: vipande vya riwaya vinakusanywa na msomaji, ilhali nadharia ya vumbi inadai kwamba vipande vya Durham vinajikusanya bila msomaji yeyote. Kweli. Riwaya haithibitishi nadharia hiyo, na anayeifunga akiwa ameiamini amesoma vibaya. Egan mwenyewe anaiporomosha ngome yake. Viumbe waliotokana na mbegu ya Maria wanabuni maelezo yao wenyewe ya ulimwengu, yasiyomhitaji muumba, na maelezo hayo yanazishinda sheria zilizoushikilia mji wa wasiokufa. Kinachothibitika ni kidogo zaidi lakini kinatosha kwa hoja yangu: kwamba mwendelezo wa nafsi unaweza kuhisiwa bila mfuatano, na kwamba sisi wasomaji tumeuhisi. Ama malalamiko kwamba wahusika wa Egan ni wakavu, sitayajibu kwa kirefu. Mwishoni Durham, aliyechoka baada ya miaka 7,000, anataka kubaki aangamie na mji. Maria anambembeleza, naye anaibadilisha nafsi yake ili aweze tena kutaka kuishi. Anayesoma hapo asione mtu, sijui anatafuta mtu wa namna gani.

Wala sidai kwamba kila ugumu una haki. Upo ugumu wa mwandishi asiyejua anachosema, nao hauna la kujitetea. Kipimo ninachopendekeza ni hiki: je, kazi ambayo msomaji anatakiwa kufanya inafanana na jambo ambalo kazi ya fasihi inalizungumzia? Katika Mzingile, ambapo kutafuta njia ndicho kisa, ninaamini jibu ni ndiyo, ingawa hilo linahitaji makala yake. Katika Permutation City sina shaka. Elina wa Čapek anatuambia kwa mdomo wake kwamba miaka 300 imemchosha, nasi tumekaa kwenye viti vya ukumbi kwa saa chache. Hatuna cha kumpimia ila neno lake. Williams alilikubali neno hilo na kulifanya sheria kwa wanadamu wote. Nadhani yeyote atakayeendelea kuandika kuhusu kutokufa kwa kumtegemea Elina peke yake atakuwa amechagua shahidi aliye rahisi kusikiliza, akawaacha wale ambao ushahidi wao unapatikana kwa kazi.