Wa Mwisho Kufika

Mwaka 1968 nilikuwa mwanachuo wa ualimu, umri wangu miaka 19. Kila alfajiri tulikimbia mchakamchaka huku tukiimba, nami nilipenda kuongoza mstari. Oktoba ile ikatufikia habari kutoka Mexico kwamba mkimbiaji wetu wa marathoni, John Stephen Akhwari, amekuwa wa mwisho. Tulicheka. Hatukuuliza zaidi.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, miaka ya 1980, niliuendesha mchakamchaka kwa filimbi na fimbo. Mimi mwenyewe nilikwisha kuacha kukimbia. Nilisimama langoni nikihesabu wanaorudi. Watano wa mwisho walichapwa. Mtoto mmoja wa darasa la tano hakukosa kuwamo kati ya hao. Alizoea hata kunyoosha mkono kabla sijamwambia. Sikupata kumwuliza anatoka umbali gani, wala kama amekula.

Mwaka 1995 mganga alinipima, akaniambia shinikizo la damu limepanda, nifanye mazoezi. Nikaanza kukimbia gizani, watu wasinione. Siku ya kwanza sikufika hata kwenye mwembe wa mnadani. Jirani akaniuliza, "Mwalimu, kwema? Kuna msiba?" Lakini baada ya miezi miwili mwili ulikumbuka. Pumzi ikaenda sawa na hatua, nami nikajikuta naimba peke yangu wimbo wa chuoni. Nilikuwa nimesahau kwamba kukimbia ni raha.

Mwaka huohuo, siku ya michezo shuleni, niliingia mbio za wazazi na walimu, mizunguko minne. Wenzangu wote walipokuwa wamekwisha kukaa kivulini, mimi nilibakiwa na nusu mzunguko. Ndipo wanafunzi walipoanza kunipigia makofi, wale wale niliokuwa nikiwachapa. Hakuna aliyecheka.

Usiku ule nilimkumbuka Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Wengine waliacha mbio, akiwemo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa mwaka 1960 na 1964. Mamo Wolde, Mwethiopia mwingine, alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, jua limekwisha kuchwa, mguu umefungwa bandeji, akichechemea. Watazamaji wachache waliobaki walimpigia makofi. Alimaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, akiwa wa 57 kati ya 57 waliofika. Huyo ndiye tuliyemcheka.

Ndugu msomaji, nakiri kwamba kwa miaka mingi nilifundisha kukimbia kama adhabu, na nani apende adhabu? Asiyekuwa na mbio bado ana safari yake, na aghalabu ndiye aliyebeba mzigo mzito kuliko wote.

Kesho yake sikusimama langoni. Nilikimbia na watoto, nyuma kabisa, pamoja na wa mwisho, na tulirudi tukiimba. Yule mtoto wa darasa la tano alikuwa amekwisha kumaliza shule siku nyingi. Sikupata kuonana naye tena. Kama yu hai na anasoma hapa, namwomba radhi.