Kikomo: Istilahi ya Kukerezea Mabomba

Mei na Juni, alizeti inapomiminika mjini Singida, mashine za kukamua mafuta hazina siku ya kupumzika. Kinachoharibika hukimbizwa kwa fundi, na mara nyingi kinachotakiwa ni kitu kidogo tu: tuseme vipande vinne vya bomba la chuma, kila kimoja milimita 100, vya kukaa kati ya mabamba mawili na kupitishiwa bolti. Vikilingana, bamba la juu hutulia. Kimoja kikipungua nusu milimita, bolti zikikazwa bamba hupinda, beringi hukaa upande na kuanza kupata moto.

Hapo mwenye mashine hahitaji hasa milimita 100 kamili. Vipande vyote vikiwa na 100.2, mashine yake itafanya kazi bila tatizo. Anachohitaji ni vilingane, na kulingana ni jambo tofauti na usahihi. Fundi anayepima kila kipande kwa futi kamba hukosea mara nne, kila mara kwa kiasi chake. Anayekata cha pili kwa kufuatisha cha kwanza, na cha tatu kwa kufuatisha cha pili, hurithisha kosa na kulikuza. Lethi, yaani mashine ya kukerezea, ina kifaa cha kumwondolea fundi kazi ya kupima tena na tena, nacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Jina la lethi yenyewe halinisumbui. Mafundi wa mbao wa pwani wamekereza miguu ya vitanda tangu zamani, na kamusi zinaiita mashine hiyo kerezo au keezo. Kwenye mti au kwenye chuma, kitendo ni kilekile: kitu kinazunguka, kisu kinakifuata. Tunapokwama ni kwenye vifaa vidogo, kama hiki ambacho wengi wanakiita stopa.

Wapo wanaotafsiri stopa kuwa kizuizi. Mimi nalikataa neno hilo. Kizuizi ni kile askari wanachoweka barabarani. Kipo ili usiende unakotaka kwenda. Kifaa cha kwenye lethi hakimkatalii fundi safari yake, bali kinamwonyesha mahali inapoishia. Napendekeza kikomo, kutokana na koma. Mjuzi wa sarufi atanipinga: kizibo huziba na kifuniko hufunika, lakini kikomo hakikomi, ni mahali ambapo kitu kingine hukoma. Ni kweli, na ndiyo maana nalipenda. Kifaa hiki hakifanyi lolote, kinakaa tu mahali pake, na kazi yake yote ni kukaa hapo bila kusogea. Komeo lingefaa pia, kwa kuwa limetokana na koma hiyohiyo, lakini milango imekwisha kulichukua. Tena kikomo tusilichanganye na kigezo, ambacho ni kipande cha mfano unachopimia vingine.

Kwenye lethi vikomo ni viwili, na anayefunga kimoja tu hushangaa kwa nini vipande vyake havilingani. Cha kwanza hukaa ndani ya tundu la spindo, yaani mhimili unaozungusha bomba, na ncha ya nyuma ya bomba hukiegemea. Bomba likiwa nene kuliko tundu, kama inavyotokea sana kwenye lethi ndogo za mezani, kikomo hukaa ndani ya chaki, yaani kishikio kinacholibana bomba, kati ya meno yake. Cha pili hufungwa kwenye reli, nacho hukomesha kigari kinachobeba kisu. Vipande hukatwa kwanza kwa msumeno, kila kimoja kikizidi kwa milimita moja hivi, kisha vyote husawazishwa ncha moja. Baada ya hapo vinageuzwa. Ncha iliyosawazishwa inasukumwa hadi kwenye kikomo, chaki inakazwa, kigari kinaletwa hadi kwenye kikomo chake, na kisu kinapita. Kipande cha kwanza ndicho kinachopimwa kwa kalipa na vikomo vikarekebishwa. Vinavyofuata havihitaji kurekebisha kitu.

Lakini kikomo hudanganywa kirahisi. Uchafu wa chuma ukinasa kati yake na bomba, kipande kitatoka kifupi. Ncha ambayo haijapigwa tupa huacha kijino kinacholiinua bomba. Chaki ya meno matatu inapokazwa inaweza kulisogeza bomba, kwa hiyo mkono uendelee kulisukuma hadi likazike. Bomba jembamba nalo hubonyea, na dawa ni kulitia kipande cha chuma ndani. Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni joto: chuma cha milimita 100 kikipanda nyuzi 50 za Selsiasi hurefuka karibu milimita 0.06. Aluminiamu hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Kipande kilichopimwa kikiwa cha moto kitakuwa kifupi kikipoa.

Kazi ya kusanifisha istilahi imekuwa ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) tangu 1967. Naomba kabla hawajaliingiza neno hili kitabuni, wakasimame kwenye karakana moja ya Singida wakati wa msimu wa alizeti, wamwambie kijana aliye kwenye lethi, "Sukuma hadi kwenye kikomo, kisha kaza," na waangalie kama ataelewa bila kufafanuliwa.